Gemu za mkononi: Hesabu saa za kucheza kabla ya kutoa fedha

Mavuno yakishauzwa na shule zikafungwa, fedha za nyumbani hupata wadai wengi kwa mpigo. Kuna ada, kuna mbolea ya msimu ujao, kuna bati la kumalizia nyumba, na siku hizi kuna pia mashine ya gemu ya mkononi ambayo kijana ameiona kwa mwenzake, au ambayo ndugu aliyeko nje ya nchi yuko tayari kuileta endapo atatumiwa fedha.

Mwenye duka la vifaa vya umeme naye ana swali lilelile akiwa upande wa pili wa kaunta. Aagize mashine ipi, na gemu zipi, ili mtaji wake usije ukalala kwenye rafu hadi bidhaa ipitwe na wakati?

Kiasi kinachohusika si kidogo. Mashine ya Nintendo Switch 2, iliyoingia sokoni Juni 5, 2025, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 449.99. Gemu ya Mario Kart World, iliyotoka siku hiyohiyo, ilitangazwa kwa dola 79.99 kwa anayeinunua peke yake. Hapo bado hujaweka usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa familia nyingi za wakulima, hiyo ni fedha ya pembejeo za msimu.

Kwa bahati nzuri, soko hili lina historia ndefu ya kujifunzia. Kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyoanzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata, ilianza kuuza vigemu vya mkononi vya Game & Watch mwaka 1980. Tangu hapo yapo makampuni yaliyotajirika na yapo yaliyokula hasara, na wanunuzi nao vivyo hivyo.

Ukiifuatilia historia hiyo, jambo moja hujirudia. Bei iliyoandikwa kwenye boksi haimwambii mnunuzi gharama halisi. Gharama halisi ni ile ya kila saa moja ya kucheza, baada ya kujumlisha betri, kadi na gemu zenyewe, na kutoa kile kitakachopatikana siku ya kuiuza. Ni kama pampu ya kumwagilia: pampu hulipiwa mara moja, lakini mafuta yake hulipiwa msimu mzima.

SOMO LA BETRI

Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy. Marekani iliuzwa kwa takriban dola 90. Kioo chake hakikuwa na rangi wala mwanga wa ndani, na mchezaji alilazimika kukaa penye mwanga ili aone vizuri.

Mwaka huohuo kampuni ya Atari ilitoa mashine yake ya Lynx, yenye kioo cha rangi kinachowaka, kwa takriban dola 180. Sega ikafuata na Game Gear, ambayo nayo ilikuwa ya rangi. Hiyo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1990, na Marekani mwaka 1991 kwa dola 149.99. Kwa mtu aliyeziona zote tatu zikiwa zimepangwa dukani, Game Boy ndiyo iliyoonekana maskini.

Hesabu ya nyumbani ilikuwa tofauti. Game Boy ilitumia betri ndogo nne, nazo zilidumu saa 15 au zaidi. Game Gear ilikula betri sita kwa muda wa saa tatu hadi tano tu. Kwa mtoto anayecheza saa 30 kwa mwezi, Game Boy ilihitaji betri nane. Game Gear ilihitaji kati ya betri 36 na 60. Mzazi wa kawaida hakuwa na haja ya shahada ya uchumi kuona ni ipi ingemfilisi.

Matokeo yalionekana sokoni. Game Boy pamoja na ndugu yake wa baadaye, Game Boy Color, ziliuzwa mashine milioni 118.69 duniani. Game Gear iliishia kwenye milioni 10 na ushee, na Lynx ikabaki nyuma kabisa.

Mafanikio hayo hayakutokea kwa bahati. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo aliyeongoza kazi hiyo, alikuwa na msimamo kwamba teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ambayo bei yake imeshuka na udhaifu wake unajulikana, inaweza kutumiwa kwa namna mpya na kuleta faida kuliko teknolojia ngeni. Game & Watch ilitumia vioo vya aina ileile ya kikokotoo, kwa sababu ushindani wa watengenezaji wa vikokotoo ulikuwa umevifanya viwe rahisi. Mkulima anayependelea mashine ambayo vipuri vyake vinapatikana mjini kuliko mtambo mpya usio na fundi ataelewa hoja hiyo mara moja.

MASHINE BILA GEMU

Jambo la pili ni kwamba mashine haina thamani bila gemu nzuri, kama vile trekta bila jembe na tela ni gari la kwendea sokoni tu.

Kabla ya Game Boy kuuzwa Marekani palikuwa na suala la gemu ipi iwekwe ndani ya boksi. Henk Rogers, mfanyabiashara aliyekwenda Moscow mwaka 1989 kutafuta haki za gemu ya Tetris kwa ajili ya mashine za mkononi, alimshauri mkuu wa Nintendo nchini Marekani, Minoru Arakawa, kwamba gemu ya Mario ingewavuta watoto wa kiume, lakini Tetris ingemvuta kila mtu. Ushauri huo ulikubaliwa. Tetris, iliyobuniwa na Mrusi Alexey Pajitnov, haina hadithi wala mwisho. Ni vipande vinavyoanguka na kupangwa. Mtu aliweza kuicheza dakika tano akisubiri basi, au mwaka mzima.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2011. Nintendo ilitoa mashine ya 3DS, yenye kioo kinachoonyesha picha zenye kina bila miwani, kwa dola 249.99 nchini Marekani. Teknolojia ilikuwa ya kushangaza, lakini gemu za nguvu hazikuwepo wakati inatoka. Kati ya Aprili na Juni mwaka huo ziliuzwa mashine 710,000 tu duniani. Mwezi Julai kampuni ilitangaza kwamba bei ingeshuka hadi dola 169.99 kuanzia Agosti 12. Rais wake, Satoru Iwata, alikatwa nusu ya mshahara wake, na kwa muda mashine hiyo iliuzwa chini ya gharama ya kuitengeneza.

Aliyenunua Machi alikuwa amepoteza dola 80 katika muda usiotimia miezi mitano. Nintendo iliwapa wanunuzi hao wa mwanzo gemu 20 za zamani bure kama kifuta machozi, lakini mwenye duka aliyekuwa na mzigo wa bei ya zamani alikuwa na tatizo la aina nyingine. Mwishoni mwa mwaka zilipotoka Super Mario 3D Land na Mario Kart 7, mauzo yalisimama vizuri, na 3DS hatimaye ilifikia mashine milioni 75.94. Aliyesubiri miezi tisa alipata mashine ileile kwa bei ndogo, na gemu za kuchezea zikiwa tayari zipo.

GHARAMA ILIYOJIFICHA

Baadhi ya mashine huuzwa kwa bei inayovumilika, kisha mnunuzi akagundua kwamba kuna kitu kingine asichoweza kukikwepa. Mfano unaokumbukwa ni PlayStation Vita ya Sony, iliyofika Marekani Februari 2012 kwa dola 249.99. Haikukubali kadi za kawaida za kuhifadhia kumbukumbu zilizojaa madukani. Ilitaka kadi zake maalumu, na ile ya GB 32 iliuzwa dola 99.99. Mtu aliyepanga kupakua gemu nyingi alikuwa ameongeza sehemu mbili kwa tano ya bei ya mashine kabla hajacheza chochote.

Kabla yake, Oktoba 2009, Sony ilikuwa imetoa PSP Go kwa dola 249.99 wakati PSP ya kawaida ilikuwa dola 169.99. PSP Go haikuwa na sehemu ya kuingizia diski. Mwenye kabati la diski za PSP hakuweza kuzitumia humo. Alitakiwa kununua upya kwa kupakua. Mashine ya bei kubwa zaidi ndiyo iliyompunguzia mali.

Hata Nokia, ambayo simu zake zenye gemu ya nyoka zilienea mno Afrika Mashariki, ilijikwaa. Mwaka 2003 ilitoa N-Gage, simu na mashine ya gemu kwa pamoja, kwa dola 299. Kubadilisha gemu kulihitaji kufungua mfuniko na kutoa betri. Wakati huohuo gemu ya nyoka, iliyoanza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, iliendelea kuchezwa na mamilioni bila kulipiwa hata senti ya ziada.

Kwa sasa gharama ya aina hii inajitokeza kwenye kadi za kumbukumbu. Switch 2 ina nafasi ya GB 256 ndani yake, na anayetaka kuiongezea nafasi ya kuweka gemu lazima anunue kadi za aina mpya ya microSD Express. Kadi za zamani zilizotumika kwenye Switch ya kwanza hazihifadhi gemu humo. Mwenye duka anayeuza mashine hiyo bila kumweleza mteja jambo hili atarudishiwa kadi na maneno mengi juu.

KUPIMA GEMU MPYA

Baada ya mashine huja gemu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea kidogo kidogo. Njia rahisi ni kuchukua bei, kutoa kiasi unachotarajia kuuzia baadaye, kisha kugawa kwa saa ambazo gemu hiyo itachezwa kweli nyumbani.

Chukulia gemu ya dola 60 yenye hadithi ya saa 12, ambayo ikimalizika inauzwa kwa dola 35. Gharama yake ni dola 25 kwa saa 12, yaani kama dola 2 kwa saa. Isipouzwa tena, ni dola 5 kwa saa. Gemu ya pili ni ya dola 40, ya kupakuliwa, isiyoweza kuuzwa tena, na inachezwa saa 10. Hiyo ni dola 4 kwa saa, ingawa bei yake ilionekana ndogo. Gemu ya tatu ni kaseti iliyotumika ya dola 20, ikachezwa na watoto wawili kwa saa 50 na kuuzwa kwa dola 15. Hiyo ni senti 10 kwa saa.

Mashine nayo hupimwa vivyo hivyo. Iliyonunuliwa dola 300, ikachezwa saa 300 kwa mwaka kwa miaka minne na kuuzwa dola 100, imegharimu kama senti 17 kwa saa. Ikiwekwa kabatini baada ya saa 60 na kuuzwa dola 150, imegharimu dola 2.50 kwa saa. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe bei. Liwe kama mtoto ataendelea kuicheza hamu ya wiki ya kwanza ikishapita.

Wingi wa gemu si kipimo. Wengi wanavikumbuka vigemu vidogo vya matofali vya betri mbili, vyenye maandishi kwamba vina gemu 9999 ndani. Ukweli ni kwamba zilikuwa gemu chache zilizorudiwa kwa kasi na viwango tofauti. Hata hivyo, kwa bei yake, ile moja ya kupanga matofali ilitosha kumpa mtoto saa nyingi.

Jambo jingine ni wachezaji wangapi watafaidi ununuzi mmoja. Kwenye Nintendo DS, iliyotoka mwaka 2004 na kuuzwa mashine milioni 154.02, gemu ya Mario Kart DS ya mwaka 2005 iliruhusu hadi watu wanane, kila mmoja na mashine yake, kushindana kwa kaseti moja tu, japo kwa viwanja vichache. Katika nyumba yenye watoto watatu, uwezo kama huo ni sawa na punguzo kubwa la bei.

Umri nao una nafasi yake. Gemu zinazouzwa Ulaya tangu 2003 zina alama za PEGI zenye namba 3, 7, 12, 16 au 18. Zinazouzwa Marekani zina alama za ESRB, chombo kilichoanzishwa mwaka 1994. Namba hizo huzungumzia maudhui, si ugumu. Gemu yenye alama ya 3 inaweza kumshinda mtu mzima, na yenye alama ya 18 inaweza kuwa rahisi lakini isiyofaa kwa mtoto.

NANI AAMINIWE

Tatizo la gemu mpya ni lile la mbegu mpya: anayeijua vizuri ni yule anayeiuza. Kuanzia 1988 hadi 2012 kulikuwa na jarida la Marekani lililopendwa sana na watoto, Nintendo Power. Lilieleza gemu kwa kina na kutoa ramani na mbinu. Lakini kwa miaka mingi mchapishaji wake alikuwa Nintendo mwenyewe. Lilifaa kujua kilichopo, kama kipeperushi cha kampuni ya mbegu kinavyofaa, ila si mahali pa kutafutia hukumu.

Jarida la Famitsu la Japani, lililoanza 1986, lilitumia njia nyingine. Wakaguzi wanne huicheza gemu moja na kila mmoja hutoa alama zake hadi 10, na jumla huwa 40. Faida ya mfumo huo ni kwamba msomaji huona pale wakaguzi wanapotofautiana. Gemu iliyopewa tisa na mmoja na tano na mwingine inaonya kwamba ladha ndiyo itakayoamua.

Mnunuzi wa leo anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kulinganisha maoni ya watu kadhaa wasiofahamiana, na hasa ya wale walioicheza kwa miezi, si kwa siku mbili. Kilicho bora zaidi ni sehemu ya majaribio, ambayo kwa gemu nyingi hupakuliwa bure. Nusu saa ya kujaribu huokoa fedha kuliko matangazo kumi.

Gemu za simu zinazoitwa za bure zinahitaji tahadhari ya pekee. Nyingi huingiza fedha kwa kuuza vitu ndani ya gemu, na baadhi huuza masanduku ambayo mchezaji hajui kilichomo hadi alipe. Mwaka 2012 serikali ya Japani ilipiga marufuku aina moja ya biashara hiyo, na mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya baadhi ya gemu ni kamari. Mzazi aliyeunganisha simu na akaunti ya fedha anapaswa kuweka namba ya siri kwenye manunuzi kabla ya kumpa mtoto.

KASETI AU KUPAKUA

Gemu ya kaseti au kadi ni mali inayoshikika. Inaweza kuazimwa, kuuzwa, au kubadilishwa na jirani. Ya kupakuliwa haivunjiki wala haiibiwi kirahisi, na mara nyingi hupata punguzo, lakini kwa kawaida haiuziki tena na inategemea duka la mtandaoni liendelee kuwepo.

Maduka hayo hufungwa. Sony ilifunga duka la PSP Julai 2021. Nintendo ilisitisha ununuzi kwenye duka la 3DS Machi 27, 2023, na Aprili 2024 ikazima huduma ya kucheza kwa mtandao kwenye mashine hiyo. Waliokwisha kununua gemu za 3DS waliruhusiwa kuendelea kuzipakua, lakini aliyechelewa hakuwa na pa kununulia gemu ambazo hazikutolewa kwenye kaseti.

Sasa kuna aina ya tatu inayowachanganya wengi. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina gemu ndani. Zina ufunguo tu, na gemu yenyewe hupakuliwa kwa intaneti kisha kadi huachwa ndani ya mashine kila inapochezwa. Kadi hiyo inaweza kuuzwa tena, lakini bila intaneti ya kutosha mwanzoni haina kazi, na gemu hujaza nafasi ya mashine. Boksi huwa na maandishi yanayosema hivyo sehemu ya chini. Anayeishi penye mtandao hafifu, au anayelipia intaneti kwa kifurushi, ayasome kabla ya kulipa.

KUSUBIRI HULIPA, LAKINI SI SIKU ZOTE

Kwa kawaida anayenunua siku ya kwanza hulipia haraka yake. Mfano wa 3DS unatosha. Gemu nyingi za makampuni mengine nazo hushuka bei ndani ya mwaka mmoja.

Hata hivyo kanuni hiyo ina mipaka. Gemu za Nintendo yenyewe hushikilia bei kwa muda mrefu. Mario Kart 8 Deluxe ilitoka Aprili 2017 kwa dola 59.99, na miaka kadhaa baadaye bei yake rasmi ilikuwa ileile. Anayesubiri ishuke anaweza kuzeeka. Lakini bei inayoshikilia humfaidi pia muuzaji wa iliyotumika, kama ng'ombe wa mbegu nzuri anavyouzika hata akiwa amezaa mara tatu.

Vilevile mashine zenyewe hazishuki daima. Switch ya kwanza ilitoka Machi 2017 kwa dola 299.99. Agosti 2025, ikiwa na umri wa miaka minane, Nintendo iliipandisha bei nchini Marekani hadi dola 339.99, na ile ndogo ya Switch Lite ikapanda kutoka dola 199.99 hadi 229.99. Aliyesema atasubiri ichakae ndipo bei ishuke alilipa zaidi. Cha kuangalia ni sababu. Bei hushuka pale bidhaa inapokosa wanunuzi au teknolojia inapokuwa rahisi kutengeneza. Gharama za kutengeneza na za biashara zikipanda, umri wa bidhaa haumsaidii mnunuzi.

ZILIZOTUMIKA

Kwa bajeti ndogo, mashine iliyotumika ndiyo mara nyingi yenye gharama ndogo kwa saa, mradi ikaguliwe mbele ya muuzaji. DS Lite huvunjika kwenye bawaba. Vijiti vya kuongozea vya Switch huweza kusogea vyenyewe bila kuguswa. Betri za PSP huvimba, na mfuniko wa nyuma usiokaa sawa ni dalili. Mashine ichajiwe, iwashwe, ichezwe robo saa, na kila kitufe kibonyezwe.

Kaseti za zamani za Game Boy zina ugonjwa wake. Baadhi, zikiwemo za Pokémon za mwaka 1996 na zilizofuata, hutunza rekodi ya mchezaji kwa betri ndogo iliyouzwa ndani kwa risasi. Betri hiyo ikiisha, gemu bado huwaka lakini kila ikizimwa rekodi hupotea. Jaribio ni rahisi: hifadhi, zima, washa tena. Kaseti bandia za Game Boy Advance nazo ni nyingi, na zipo zinazoshindwa kuhifadhi kabisa.

Kwa Afrika Mashariki, ambako bidhaa za mtumba huingia kutoka pande nyingi za dunia, lipo suala la kanda. Kaseti za Game Boy, Game Boy Advance na DS huingiliana bila kujali zimetoka wapi, isipokuwa gemu chache zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo la DSi. Switch nayo haina kizuizi hicho. Lakini 3DS ya Japani haikubali kaseti ya Ulaya wala ya Marekani. Mashine ya bei poa isiyo na gemu za lugha inayoeleweka nyumbani haijawa poa.

KWA MWENYE DUKA

Mfanyabiashara mdogo hana sababu ya kukimbilia mzigo wa siku ya kwanza. Mashine mpya hula mtaji mkubwa, na bei yake ikipunguzwa na kiwanda, hasara ni ya aliye na mzigo. Chaja, kava, kadi, vioo vya kinga na kaseti zilizotumika huchukua mtaji mdogo na huzunguka haraka. Utaratibu wa kununua kaseti kwa mteja aliyemaliza kucheza na kumuuzia nyingine humrudisha dukani bila tangazo.

Anayeanza anashauriwa kuagiza mashine chache za aina moja ambayo gemu zake ni nyingi na zinaingiliana, badala ya aina tano ambazo kila moja ina kaseti zake. Pia aandike kwenye risiti masharti ya kurudisha bidhaa, kwani mabishano mengi huanzia kwenye ahadi za mdomo.

Kwa mzazi na kwa mwenye duka, maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa ni haya:

1. Gemu ninazozitaka zipo sasa, au zimeahidiwa tu?

2. Mbali na mashine, ni nini kingine lazima kinunuliwe, na ni cha kawaida au cha kampuni moja tu?

3. Itachezwa saa ngapi kwa mwaka, na watu wangapi?

4. Gemu iko kwenye kaseti, au ni ufunguo wa kupakulia?

5. Intaneti na umeme wa hapa vinatosha?

6. Nikitaka kuiuza baada ya mwaka mmoja, nani ataichukua na kwa kiasi gani?

Mnunuzi anayeweza kujibu maswali manne kati ya hayo kwa uhakika yuko mahali pazuri kuliko wengi waliopanga foleni mwezi Machi 2011. Asiyeweza kuyajibu akae na fedha yake hadi likizo ijayo, na kwa sasa alipie mbolea.